Mtoto ni Amana: Tabibu na Dalili za Mtoto Aliyedhulumiwa

Hotuba kwa Waislamu wa Kirewa, wilaya ya Tororo

 

Mazungumzo ya leo yahusu jambo ambalo aghlabu halitajwi barazani. Litajwapo, hutajwa kwa sauti ya chini, kisha maneno hugeuzwa yakawa ya mvua na ya mihogo. Jambo lenyewe ni khabari ya mtoto aliyeumizwa na mtu wa nyumbani kwake, au na mtu anayeaminiwa na wa nyumbani kwake: jinsi tabibu wa watoto anavyolitambua, yampasayo kufanya, na jinsi kazi yake inavyoharibiwa njiani, kati ya mlango wa hospitali na mlango wa polisi, na watu wanaodhani kwamba wanaficha aibu.

Huenda mtu akauliza: Kirewa ni mashamba, na tabibu bingwa wa watoto yuko mbali, lina faida gani jambo hili kwa mkulima? Jawabu ni kwamba maarifa haya hayakukaa kwa mabingwa peke yao. Afisa wa tiba wa kituo cha afya, muuguzi na mkunga hutumia mizani ile ile. Tena jicho la kwanza si la hospitali hata kidogo. Ni jicho la bibi amwogeshaye mjukuu jioni, na la mwalimu amwonaye mtoto akikaa upande kwa sababu ya maumivu. Asiyejua anachokitazama hupita nacho.

Hata matabibu wenyewe walipita nacho kwa muda mrefu. Mwaka 1860 tabibu mmoja wa Paris, Ambroise Tardieu, aliandika khabari za watoto 32 walioteswa, 18 kati yao wakafa. Aliyaandika waziwazi, wala wenziwe hawakuyafuata, na maarifa yale yakalala karibu miaka mia. Mwaka 1946 John Caffey, bingwa wa picha za mifupa ya watoto huko New York, alieleza khabari za watoto wachanga sita waliovuja damu ndani ya fuvu, na papo hapo mifupa mirefu ya mikono na miguu yao imevunjika, pasipo khabari ya ajali iliyotosha kueleza. Ndipo mwaka 1962, mwaka ule ule Uganda ilipopata uhuru, Henry Kempe na wenziwe wa Denver katika Marekani walipolitaja jambo kwa jina lake, wakasema kuna ugonjwa wa mtoto aliyepigwa. Walikuwa wamekusanya kutoka hospitali 71 khabari za watoto 302. Katika hao 33 walikufa, na 85 waliharibika ubongo. Kempe hakuficha kwamba matabibu wengi waliziona alama, illa nyoyo zao zilikataa kuamini kuwa mzazi aweza kufanya hivyo. Kwa hiyo upungufu ulikuwa wa moyo kabla ya kuwa wa elimu.

Wala mtu asidhani kwamba haya ni ya Wazungu. Mwaka 2015 ulifanywa uchunguzi wa nchi nzima ya Uganda, ukatangazwa mwaka 2018. Vijana wa miaka 18 hadi 24 waliulizwa yaliyowapata kabla ya kutimiza miaka 18. Katika kila wasichana 100, wapatao 59 walisema walipigwa au kuumizwa mwili. Katika kila wavulana 100, wapatao 68. Waliodhulumiwa kijinsia walikuwa wasichana 35 katika kila 100, na wavulana 17 katika kila 100. Hesabu hiyo ya wavulana na ikumbukwe, kwani wako wanaodhani kwamba mtoto wa kiume hana la kuogopewa.

Ama jinsi tabibu anavyotambua, kazi yake ni kama ya mtu mwenye mizani. Katika sahani moja huweka maneno aliyoambiwa, na katika sahani ya pili huweka jeraha analoliona. Zikilingana, hutibu na kumwombea mtoto afya. Zisipolingana, hapo ndipo anapotulia na kutazama tena.

Huanza na maneno. Mathalan, mama amleta mtoto wa miezi mitatu aliyevunjika mfupa wa paja, na asema kwamba mtoto alijigeuza kitandani. Tabibu ajua kwamba mtoto wa miezi mitatu hana nguvu za kujivunja paja. Au baba aeleza leo kwamba mtoto alianguka mwembeni, na kesho shangazi aeleza kwamba alianguka na baiskeli. Au jeraha ni la siku nne na mtoto aletwa leo, wala hapana sababu ya kukawia, si mvua, si mto uliofurika, si ukosefu wa nauli. Au yeyote aulizwaye asema hajui, ilhali mkono umevunjika na mtoto hajaanza hata kutambaa. Kila moja katika hayo si hukumu, ni sababu ya kuuliza zaidi.

Kisha hutazama mwili mzima, nguo zikiwa zimevuliwa, kwa stara na mbele ya muuguzi. Mtoto atembeaye huanguka, na aangukaye huumia panapotangulia kugonga ardhi: magoti, mbele ya miguu, kiwiko, kipaji cha uso. Alama za huko ni za utoto. Bali damu ikivilia chini ya ngozi ya kiwiliwili, ya sikio au ya shingo, kwa mtoto asiyetimiza miaka minne, hiyo ni alama ya kushtua. Vivyo hivyo alama juu ya kope, kwenye pembe ya taya, au katika nyama ya shavu, na kuchanika kile kijinyama kinachounganisha mdomo na ufizi, ambacho huchanika mtoto akipigwa mdomoni au akilazimishwa chupa au kijiko. Ama mtoto wa miezi minne au chini yake, hata alama moja ya damu kuvilia, popote iwapo, yataka uchunguzi, kwa sababu asiyeweza kujisogeza hana njia ya kujigonga.

Umbo la alama nalo husema. Fimbo huacha mistari miwili iliyoandamana, na katikati yake ngozi haikubadilika. Waya au kamba iliyokunjwa huacha kitanzi. Kiganja huacha vidole. Meno ya mtu huacha duara. Katika ngozi nyeusi alama hizi hazionekani upesi, kwa hiyo tabibu mwangalifu humtazama mtoto penye mwanga wa kutosha, na hupapasa kwa vidole kutafuta uvimbe na mahali panapouma. Zamani walifikiri kwamba rangi ya alama yaweza kuonyesha ni ya siku gani. Sasa imejulikana kwamba rangi hudanganya, na tabibu mwema hataji siku kwa kuangalia rangi tu.

Moto una lugha yake pia. Mtoto avutaye sufuria ya uji mekoni humwagikiwa usoni, kifuani na begani. Kuungua kwake hakuna mpaka maalumu, na matone huruka huku na huku. Bali mtoto aliyetumbukizwa miguu katika maji ya moto huungua kama aliyevaa soksi: mpaka ni mmoja, umenyooka, pande zote mbili sawasawa, wala hapana tone lililoruka. Sigara iliyobanwa juu ya ngozi huacha kidonda cha duara kilichochimbika.

Yapo pia yasiyoonekana kwa macho. Mtoto mchanga aliyetikiswa kwa nguvu kwa hasira, kwa sababu amelia usiku kucha, aweza kuletwa bila ya alama yoyote ya nje. Hutapika, husinzia, hapumui vizuri au hushikwa na kifafa, na ndani ya fuvu damu imevuja. Tabibu humtazama nyuma ya jicho kwa chombo chake, na penye uwezo huagiza picha za mifupa yote ya mtoto asiyetimiza miaka miwili, kwani mbavu zilizovunjika upande wa mgongoni kwa mtoto mchanga ni dalili nzito ya kubanwa kwa mikono. Hapa liko neno la faida kwa kila mzazi: mtoto akilia hata hasira ikapanda, na alazwe chali mahali pa salama, na mzazi atoke nje avute pumzi. Kilio hakijaua mtoto, mtikiso umeua.

Dhulma nyingine haina pigo ndani yake. Ni mtoto mmoja wa nyumbani, aghlabu yatima au mtoto wa mke aliyeachwa, aliyekonda na kupata unyafuzi ilhali watoto wengine wa nyumba ile ile wamenawiri. Ni kadi ya chanjo isiyo na alama hata moja. Ni mgonjwa aliyepewa dawa na wakubwa wake wakaacha kumnywesha. Tabibu hapimi umasikini, kwani masikini aliyekosa chakula hakumdhulumu mtoto wake. Apima kama mtoto amenyimwa kile ambacho wenziwe wamepewa.

Ama dhulma ya kijinsia, hii ndiyo inayofichwa kuliko zote, na ndiyo ambayo ujinga una madhara makubwa ndani yake. Huenda mtoto akaja na maumivu akojoapo, au usaha, au kutoka damu. Mara nyingi zaidi huja bila ya hayo: amerudia kukojoa kitandani, aogopa mtu fulani au mahali fulani, ameacha kucheza, au ajua mambo ya watu wazima asiyopaswa kuyajua. Jamaa humwambia tabibu, "Mtazame, utuambie kama angali bikira." Tabibu aliyesoma sawasawa hatoi jawabu hilo, kwa kuwa hakuna kipimo cha ubikira, Shirika la Afya Duniani na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa yalitangaza mwaka 2018 kwamba uchunguzi huo hauna msingi wa elimu na wamdhuru mtoto mara ya pili. Watoto wengi waliodhulumiwa hukutwa hawana alama yoyote, ama kwa kuwa dhulma haikuacha alama, ama kwa kuwa jeraha limepona upesi. Kwa hiyo tabibu akiandika kwamba hakuona jeraha, hakusema kwamba mtoto amesema uongo. Neno la mtoto ndilo dalili kubwa kuliko zote.

Na katika jambo hili saa zinahesabiwa. Dawa za kuzuia virusi vya ukimwi hufaa zikianzwa kabla ya kupita saa 72, na kila saa ikawiayo hupunguza faida yake. Msichana aliyekwisha kubaleghe hupewa dawa ya kuzuia mimba kabla ya kupita siku tano. Mtoto asiogeshwe kabla ya kuonekana na tabibu, na nguo alizovaa zisifuliwe, bali zitiwe katika mfuko wa karatasi, kwani mfuko wa nailoni huzivundisha. Wazee wakikaa siku tatu kujadili heshima ya ukoo, dawa imekwisha kupitwa na wakati, na ushahidi umekwisha kuoshwa.

Hata hivyo, tabibu mwadilifu huogopa kumsingizia mtu kama anavyoogopa kumwacha mtoto. Watoto wengi wa Kiafrika huzaliwa na mabaka ya buluu mgongoni na matakoni. Si mapigo, ni rangi ya ngozi, na hufifia mtoto akikua. Ugonjwa wa selimundu, ambao wengi huuita siko seli, nao umeenea katika sehemu hizi za mashariki ya Uganda, huvimbisha mikono na miguu ya mtoto mchanga hata mtu akadhani amepigwa. Iko mifupa iliyolegea kwa upungufu wa vitamini D, na yako magonjwa ya damu isiyoganda. Pia yako majeraha yaliyotiwa kwa nia ya kuponya: chale za kifuani, na ufizi uliochokolewa kung'oa yale yaitwayo meno ya uongo kwa mtoto mwenye homa na kuharisha. Hayo ya mwisho yamedhuru watoto, na yafaa kukomeshwa, illa dawa yake ni mafundisho kabla ya pingu. Kwa ajili hiyo tabibu hupima damu, hupiga picha na hushauriana na mwenziwe kabla ya kusema.

Wasikilizaji wanaijua kanzu ya Nabii Yusuf, amani iwe juu yake. Palikuwa na maneno mawili yaliyopingana, wala hapana shahidi aliyeona. Kanzu ikatazamwa: imechanika mbele au nyuma? Ilikuwa imechanika nyuma, na aliyesingiziwa akatoka katika tuhuma. Hivyo ndivyo ilivyo kazi ya tabibu. Huutazama mchaniko, na mchaniko ule ule uwezao kumtia mtu hatiani ndio uwezao kumwokoa asiye na hatia.

Basi akishuku, hufanya nini? La kwanza ni kumtibu mtoto, kwani roho hutangulia karatasi. Maumivu hutulizwa na damu huzuiwa. Fomu ya polisi yaweza kungoja, dawa haingoji. La pili, huzungumza na mtoto mwenye kusema, mbali na wakubwa aliokuja nao, kwa upole na kwa maswali yaliyo wazi: "Nieleze ilivyokuwa." Hamwambii, "Ni baba aliyekupiga, sivyo?" kwa kuwa swali la namna hiyo humtia mtoto maneno mdomoni, na baadaye mahakama huyakataa. Wala hamwahidi kwamba ataificha siri, kwa sababu ahadi hiyo hataweza kuitimiza. Humwambia kwamba amefanya vyema kusema, na kwamba kosa si lake. La tatu, huandika. Huandika maneno ya mtoto kama yalivyotoka, na huchora umbo la mwili na kutia kila alama mahali pake na urefu wake. La nne, huuliza khabari za ndugu zake waliobaki nyumbani, kwani nyumba iliyomuumiza mmoja yaweza kuwaumiza wengine. La tano, huzungumza na mama peke yake, maana aghlabu mama naye hupigwa, na kimya chake ni khofu, si ridhaa. La sita, akiona kwamba nyumbani hapana amani, humlaza mtoto wodini hata kama jeraha ni dogo, ili apatikane wakati wa kuulizia.

Wala wazazi hawafokei. Huwaambia kwa utulivu, "Jeraha hili halilingani na maneno yaliyosemwa, na sheria yanitaka niwaarifu wenye kazi hiyo." Asiyekuwa na hatia hufaidika na utulivu huo, na mwenye hatia hapati sababu ya kumtorosha mtoto.

Sheria yenyewe ni hii. Sheria ya Watoto ya Uganda ya mwaka 1996 ilimtaka kila mtu mwenye ushahidi kwamba haki ya mtoto inavunjwa apeleke khabari kwa baraza la mahali pake. Na katika baraza la kijiji makamu wa mwenyekiti ndiye katibu wa mambo ya watoto. Marekebisho ya mwaka 2016 yaliwalazimisha matabibu, walimu na watumishi wa ustawi wa jamii, wakiwa na sababu ya haki ya kuamini kwamba mtoto amedhulumiwa, kupeleka khabari kwa afisa wa ustawi wa jamii au kwa polisi. Si khiari yao tena. Polisi wana idara ya ulinzi wa mtoto na familia, na fomu nambari 3 ndiyo ambayo tabibu huandika majeraha aliyoyaona. Ya dhulma ya kijinsia ni 3A. Asiyeweza kufika aweza kupiga simu 116, bila ya malipo. Ndiyo huduma iitwayo Sauti katika Uganda, na nambari hiyo hiyo hutumika Kenya kwa watoto.

Nambari kuwa moja pande zote mbili ni jambo la faida kubwa kwa watu wa mpakani. Mwenye kuficha huupenda mpaka. Mtoto huumizwa upande wa Tororo, hutibiwa Busia ya Kenya. Akiumizwa tena, hupelekwa penginepo. Daftari lake la matibabu, ambalo katika vituo vingi vya Uganda hubebwa na mgonjwa mwenyewe, hupotea kila mara, na kila tabibu huona jeraha moja tu, jipya. Tabibu mwenye maarifa huuliza: "Daftari la kwanza liko wapi? Alitibiwa wapi mwaka jana?" Na jirani mwema aweza kujibu swali hilo kuliko daftari.

Sasa inafika sehemu iliyo ngumu. Mara nyingi tabibu ameona, ameandika, amepeleka. Kisha kesi hufa. Haifi kwa kukosa dalili. Hufa chini ya mwembe, wazee walipoketi, mbuzi akatolewa na fedha zikahesabiwa, baba wa mtoto akapokea, na shahidi akaambiwa asifike mahakamani. Mtoto hakuulizwa. Amerudi nyumbani, na kila aendapo kisimani hukutana na yule yule.

Wasemao kwamba hiyo ni sulhu na wafahamu kwamba sulhu ina mipaka, na mafakihi hawakuruhusu sulhu yenye kuhalalisha haramu. Deni aweza kulisamehe mwenye deni. Mwili wa mtoto si mali ya baba yake hata auuze kwa mbuzi. Katika sheria ya nchi pia kesi ya kumnajisi mtoto ni ya Serikali. Ni jinai nzito, na marekebisho ya mwaka 2007 yaliifanya iwe kwa mtoto wa kike na wa kiume, na mapatano ya wazee hayaifuti.

Wasemao kwamba hiyo ni sitara, nao na wafahamu. Sitara ni ya mtu aliyeteleza katika jambo lililo baina yake na Mola wake, akatubu. Siyo ya mwenye kumuumiza asiyeweza kujitetea, naye ataumiza mwingine kesho. Kumfunika huyo ni kumvua mtoto.

Na wako wasemao kwamba pasipo mashahidi wanne hapana neno. Mashahidi wanne wamewekwa kulinda heshima za watu zisichafuliwe kwa tuhuma ya zinaa. Mtoto aliyevamiwa hakuzini, amedhulumiwa, na shauri lake ni la uvamizi. Wanazuoni wamezungumza sana juu ya dalili zinazoshuhudia mahali pa mtu, na Ibn al-Qayyim aliandika kitabu kizima, al-Turuq al-Hukmiyya, akionyesha kwamba kadhi asiyejali dalili hupoteza haki nyingi. Maandishi ya tabibu ni katika dalili hizo.

Iko khofu nyingine isiyotajwa. Mama huona mtoto anaumizwa na baba, wala haondoki, kwa kuwa akirudi kwao ng'ombe wa mahari watadaiwa. Katika jambo hili watu wa wilaya hii wamekwisha kuonyesha njia: shirika la Mifumi, lililotwaa jina la kijiji cha Tororo, lilipeleka shauri la mahari mahakamani, na mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Uganda ikahukumu kwamba kudai kurudishiwa mahari ndoa ivunjikapo ni kinyume cha katiba. Basi baba wa mama huyo asimrudishe bintiye kwenye fimbo kwa ajili ya ng'ombe.

Ama walimu wa madrasa, heshima yao ni kubwa, na kwa sababu hiyo hesabu yao ni kubwa. Fimbo imekwisha kukatazwa katika shule kwa marekebisho ya mwaka 2016. Na hata mafakihi wa zamani waliotaja adabu ya mkono waliizungushia mipaka: si usoni, si kwa hasira, wala si pigo la kuacha alama, na mwalimu aliyemjeruhi mwanafunzi ana dhamana ya jeraha lile. Tabibu aonaye mistari miwili ya fimbo mgongoni haandiki kwamba ilikuwa ya somo la Kurani. Huandika urefu wa mstari.

Basi mtu wa Kirewa afanye nini? Aonapo jambo asilieneze sokoni, kwani kulieneza ni kusengenya, na huenda likawa uongo. Alipeleke kwa mwenye kazi hiyo, kwani kulipeleka ni ushahidi, na kuficha ushahidi kumekatazwa. Asimhoji mtoto mara kumi. Amsikilize mara moja, amwamini, ampeleke kituo cha afya siku ile ile. Asimwoshe, asifue nguo zake. Alitunze daftari la matibabu kama atunzavyo hati ya shamba. Akiitwa kushuhudia, afike. Na mzee akiitwa chini ya mwembe kusuluhisha shauri la namna hii, aseme wazi kwamba shauri hilo si lake, kisha aondoke.

Tabibu hana jeshi, wala hana uwezo wa kufuatana na mtoto hadi nyumbani. Ana macho yake, kalamu yake, na ukweli aliopelekewa. Akipelekewa uongo, mizani yake huharibika. Na akiandika kweli, kisha jamaa wakaizima, ameandika bure. Mtoto ni amana, na amana haiulizwi kwa tabibu peke yake.

Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wa Kirewa, wa Tororo na wa Busia zote mbili, awape wakubwa wao huruma ya kuona na ushujaa wa kusema. Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.